Tope la Kijani kwa Wekoye

Mpaka anaingia kaburini, Mukhisa aliitwa musinde, na wakati huo alikuwa na wajukuu. Msinicheke; neno hilo lina uzito. Musinde ni kijana ambaye hajapita kisu cha tohara, na kumwita hivyo mwanamume mzima wa Kibukusu ni kutafuta ngumi. Mukhisa alitahiriwa kama wenzake, mbele za watu, bila kupepesa jicho. Jina hili alijitafutia mwenyewe, asubuhi moja ya Agosti 1938, kwa ajili ya maji.

Wakati huo alikuwa akimfanyia kazi mzungu mmoja wa serikali aliyekaa Kitale, mtaalamu wa miamba na maji ya chini ya ardhi. Watu walimwita Bwana Mawe, maana aliweza kuokota jiwe njiani, akalilamba, kisha akalitia mfukoni kwa uangalifu kama yai. Mukhisa alimbebea nyundo, akapima naye mito, na jioni akajifunza mambo yaliyomkosesha usingizi. Kwamba Mlima Elgon ulitapika majivu hapo kale, yakashikana yakawa mwamba laini, na chini yake umelala mwamba mwingine, mgumu na mkongwe zaidi. Mvua huzama kwenye ule laini mpaka igonge ule mgumu; hapo maji hukosa pa kushukia, yakatambaa pembeni yakitafuta pa kutokea.

"Basi kila chemchemi iko na mama yake huko juu," Mukhisa alisema.

"Ndiyo. Kazi ni kumjua mama ni yupi," akajibu Bwana Mawe.

Mwaka ule kazi hiyo iliwaumiza vichwa. Wenye mashamba makubwa upande wa Kitale walitaka kuchimba mfereji na kuugeuza mto mdogo ulioko juu ya Kimilili. Ulikuwa mto wa ajabu kidogo: ulifika mahali ukazama katika ufa wa mwamba, usionekane tena. Walisema maji yanayopotea hayana mwenyewe. Mukhisa aliposikia hayo aliwaza kwao. Chini ya mteremko ule, kijijini kwao, kulikuwa na chemchemi ya kwa Wekoye. Dada yake Nakhungu na wanawake wote wa ukoo walichota hapo. Kama mto ule ndio mama, mfereji ungeiua chemchemi.

Bwana Mawe alishuku vivyo hivyo, ila shaka si ushahidi. Mwezi wa Juni wakapanda mpaka kwenye ule ufa, wakamwaga mkebe wa unga mwekundu kama vumbi la matofali. Ulipogusa maji ukageuka kijani kinachowaka, mpaka Mukhisa akarudi nyuma.

"Haudhuru mtu wala ng'ombe," alisema Bwana Mawe, akachota kikombe na kukinywa chote. "Ukitokea kwa Wekoye, niletee chupa. Wakubwa wanaamua mwisho wa Agosti, na nikienda mikono mitupu watachimba. Wazee wa kwenu uwaambie mapema, wasishtuke."

Mukhisa hakuwaambia. Angeanzaje? Wazee, tumewatilia dawa kwenye maji? Kijijini kwao mtu anayetia kitu majini alikuwa na jina moja tu, mchawi, na nyumba yake ilichomwa kabla hajamaliza kujieleza. Mficha uchi hazai, lakini akaficha. Alijiambia atakwenda chemchemini kila alfajiri, na kijani kikitokea atakiona yeye kwanza. Alikwenda Juni, akaenda Julai, maji ni maangavu tu. Agosti ikaja na pilikapilika za tohara. Festus, mwana wa pekee wa Nakhungu, alikuwa miongoni mwa watakaotahiriwa, na mjomba mtu msimu huo hana nafasi hata ya kujikuna. Akaacha kwenda. Huko mlimani mvua ikanyesha kwa fujo.

Sasa, kabla ya kisu, kijana hupelekwa mtoni kunapopambazuka, akavuliwa nguo, akapakwa tope baridi mwili mzima. Mama hubaki nyumbani akingoja. Tope la kwao lilichotwa katika kidimbwi cha chemchemi ile ile, na mpakaji alikuwa mzee Wekoye mwenyewe, aliyeirithi kazi hiyo kwa babake. Tope likiwa na kasoro, vijana hurudishwa, na aibu hiyo huwafuata mpaka uzeeni.

Wekoye aliinama, akachota. Mwanga ulikuwa umeanza kutosha. Akaitazama mikono yake, akalitupa tope.

"Nani amefanyia maji yetu hivi?"

Kidimbwi kizima kilikuwa kijani.

Nisiseme uongo: kitu cha kwanza kilichompata Mukhisa ni furaha. Nusura acheke kwa sauti. Mama amepatikana! Kisha akasikia mtu akisema watoto warudishwe, na akamwona Festus, uchi, akitetemeka kwa baridi, macho yamemganda mjomba wake.

Angeweza kunyamaza, arudi mchana na chupa yake, asijulikane. Mfereji usingechimbwa. Lakini nani angechota tena kwenye maji yaliyorogwa? Angekuwa ameokoa chemchemi ya kunywesha vyura.

"Ni mimi," akasema.

"Ati wewe?" Wekoye akageuka.

"Mimi na Bwana Mawe, papa," akajibu, kama kwao wanavyomwita baba. "Tulimwaga rangi kule juu, mto inapozama, tujue kama inakuja hapa. Wanataka kuigeuza, na ikigeuzwa hii yetu inakauka. Si sumu. Si uchawi."

"Rangi gani hiyo inatembea chini ya mawe, bana?" akauliza mtu mwenye rungu. "Kila mchawi husema si uchawi."

Mukhisa akapiga magoti, akanywa maji yale kwa viganja. Haikusaidia. "Mchawi hadhuriwi na dawa yake," akasema yule yule, na rungu likabadilisha mkono.

Hapo Mukhisa alivua koti. Akavua shati, akavua kila kitu, akaingia kidimbwini na kusimama wima kama wanavyosimama vijana.

"Nipake, papa. Mimi kwanza."

Aliyekwisha kutahiriwa harudi kwenye tope. Anayerudi anatangaza mbele ya mababu kwamba bado ni mtoto, na hakuna mchawi, kwa majivuno yao, ambaye angekubali hilo. Wekoye akainama tena. Kisha akachota tope la kijani, akampaka usoni, kifuani, mgongoni, akamwekea bonge utosini na kulichomekea jani refu la nyasi, kama desturi inavyotaka.

"Musinde mzee namna hii," akasema, "mimi sijawahi kuona."

Kicheko kililipuka, na hofu ikaondoka nacho. Festus akapakwa tope lile lile, akarudi nyumbani kwa njia nyingine kama ilivyo ada, akasimama mbele ya kisu kama nguzo. Vigelegele vya Nakhungu vilivuka bonde. Mukhisa hakuvisikia vyote. Alikuwa tayari juu ya baiskeli kuelekea Kitale, chupa kifuani, tope likimkaukia masikioni.

Mfereji haukuchimbwa. Lakini ukoo haukusahau. Kila pombe ilipoandaliwa, wazee wakizunguka chungu na mirija yao mirefu, Mukhisa alikaa nje ya duara, maana musinde hapewi mrija. "Tope mara mbili, kisu mara moja," walimwambia. "Bado tunakudai." Alicheka nao miaka yote hiyo, na kila mara ilimuuma, kwa maana hakuna mtu mzima anayezoea kuhesabiwa pamoja na watoto.

Miaka ya hamsini mvua ikakataa. Visima vya jirani vilikauka kimoja baada ya kingine, na wanawake wakaja kwa Wekoye kutoka hata upande wa Chwele, wakipanga mitungi tangu asubuhi. Chemchemi haikupungua. Mzee Wekoye, sasa hawezi kutembea bila kushikwa, aliketi akiwatazama wakichota. Jioni chungu kilipotengwa alimwita Mukhisa, akasogea kidogo, akampa mrija wake mwenyewe.

"Kaa hapa, musinde," akasema. "Kunywa."

Mukhisa alikaa. Aliushika mrija, akauweka mdomoni, na hakuweza kuvuta hata tone kwa kulia.