Bao la Golini Hapana Mtu

Kila mkutano wa wazazi nasikia kwamba michezo hujenga tabia ya mtoto. Huwa naitikia kwa kichwa, maana yangu ilijengwa Jumamosi moja pale Karatu, miaka ya themanini, tena kwa aibu.

Siku hiyo baba alinipangia zamu ya kuchunga. "Ng'ombe wakiingia shamba la watu," akaniambia, "mpira utausikia redioni tu mpaka umalize la saba." Nami nilikuwa mshambuliaji wa shule, na wageni kutoka Endulen walishashuka kwenye lori. Nikajifanya mjanja: nikawaswaga ng'ombe wetu sita hadi nyuma ya goli la wageni, wale majani huku nacheza. Methali ya mshika mbili niliijua vizuri sana, ila niliona ni ya watu wengine.

Wageni tuliwacheka. Kipa wao, kijana wa Kimaasai, alisimama kwa mguu mmoja ameegemea nguzo, utadhani yuko malishoni. "Huyo kaja kuchunga goli!" tukapiga kelele.

Kipindi cha kwanza kikikaribia kwisha, bado bila bila, nikapata mpira. Kuinua macho, golini hapana mtu. Ng'ombe wetu walikuwa wanaelekea kwenye maharage ya jirani, na kipa, alipoona hawana mchungaji, alikuwa ametoka mbio kuwazuia. Kwao ng'ombe haachwi apotee, hata awe wa nani. Mimi nilijua ni wa nani. Nikapiga. Bao!

Mwalimu aliyekuwa mwamuzi akalikubali, kisha akauliza, "Ng'ombe wa nani hawa?" Nikatazama mawingu. Lakini jike letu lenye baka jeupe likakatiza uwanja mzima, likaja kunilamba chumvi ya jasho mkononi. Watu walivunjika mbavu.

Kipa akanikabidhi fimbo aliyoikata kichakani. "Mimi niliona ng'ombe," akasema. "Wewe uliona nini?"

Niliona haya hata nikamwomba mwalimu alifute lile bao. Akasema filimbi imeshalia, nikacheze. Tukashinda moja bila. Jioni baba alikuta maharage ya jirani mazima, akanisifu kwa uchungaji. Jumatatu mstarini nikapigiwa makofi ya bao. Sifa zote mbili nilizipokea kimya, na zote zilikuwa za yule kipa.