Mpima Mapenzi wa Dirisha la Nne

Karani wa dirisha la nne, idara ya uhamiaji, hushika cheti cha ndoa kwa ncha za vidole viwili, kama aliyeshika samaki wa juzi. Hulamba kidole gumba, hufunua, huguna. Waliopata ukaazi wa kudumu kwa ndoa, wakaachana, kisha wakafunga ndoa nyingine, huwahoji kwa sauti ya kusikika na benchi zima la wanaosubiri.

Juzi alifika mwanamke mmoja kumwombea mume wake mpya kibali cha kuja kuishi naye.

"Dada, yule wa kwanza ulimpenda, au ulipenda karatasi zake?"

"Nilimpenda, kaka."

"Shahidi nani?"

Mwanamke akachomoa fomu yake ya ukaazi ya miaka sita iliyopita, akaipenyeza chini ya kioo. "Wewe. Uliandika hapa, 'Nimewahoji, wanapendana kwelikweli.' Na sahihi yako hii."

Benchi likaangua kicheko. Karani aliisoma mara mbili. Kisha akavuta muhuri, akagonga maombi ya mume mpya pasipo hata kuuliza jina lake.

"Huyu usimwache, dada," alinong'ona. "Utanifukuzisha kazi."