Boksi la Makaa

Nimefungua kibanda cha kuku pale Isinya, na harufu ya pumba na mavi makavu imenirudisha utotoni. Baba, mwalimu wa bayolojia, alichora ukutani humu kwa makaa boksi la vyumba vinne, la kukadiria vifaranga watarithi nini. Jogoo na tetea wetu walikuwa shingo uchi, lakini kila mmoja alikuwa na mama mwenye manyoya shingoni, kwa hivyo alibeba asili zote mbili. "Kati ya vifaranga wanne," akasema, "watatu watakuwa shingo uchi, mmoja atakuwa na manyoya."

Nilikuwa mtoto pekee nyumbani. Huyo mmoja nilimtaka awe wangu, kwa hivyo nikamwekea tetea mayai manne kamili. Vifaranga wote wakatoka shingo uchi. Nikalia, nikamwambia baba ni mwongo.

"Hapana, mama. Kila yai linaanza upya, halijui lile lingine limepata nini. Ukweli utaonekana kwa mayai mengi. Tutaendelea kuhesabu."

Muhula uliofuata nilipelekwa shule ya bweni, na kuku nikawasahau.

Boksi bado liko. Chini yake kuna safu mbili za vijistari vya makaa, na ya shingo uchi ni ndefu karibu mara tatu ya ile ya manyoya, inafika mpaka mlangoni. Vijistari vya mwisho vimepinda, kama vya mkono unaotetemeka.