Nyumba ya Bibi Nyamizi Hupigiwa Hodi

Jumapili, tarehe 9 Novemba. Mvua ilinyesha asubuhi, mchana jua kali.

Naandika lililonipata mwezi uliopita, na sijaongeza chumvi. Niamini, ingawa hata mimi nimejiuliza mara nyingi kama sikuota.

Hapa Itetemia ipo nyumba ya marehemu Bibi Nyamizi, binti wa mpagazi wa misafara, mwanamke wa kwanza kwetu kupeleka asali na nta sokoni kwa treni. Sasa imehifadhiwa, wageni huja kuiona. Wifi yangu Tausi ndiye mwenye funguo na maelezo. Mimi nafagia. Wageni hupiga picha naye. Mimi naambiwa nisogee na fagio langu. Niseme haki: anajua kueleza kunishinda. Lakini iliniuma.

Kila asubuhi Tausi alipiga hodi, nyumba tupu!

"Unampigia nani, wifi? Popo?"

"Mwenye nyumba. Wewe cheka tu."

Siku moja malaria ilimlaza, akanipa funguo. Nikaingia kifua mbele, bila hodi. Ilikuwa saa sita, jua la utosini.

Ndani ameketi bibi kizee, anachuja asali kwa kitambaa. Sura ile ile ya picha ya ukutani, na pengo lile lile la meno. Miguu sikuiona, khanga iliifunika. Kwa hiyo habari za kwato sisemi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yule anayepiga hodi yuko wapi?"

Hebu fikiria! Hata marehemu anamtaka Tausi? Wivu ukanipanda. "Haji tena," nikasema. "Nyumba yako ameichoka. Sasa ni mimi."

Akanitazama, akaninyooshea kidole chenye asali. "Haya, mtunzaji. Lamba."

Nikalamba. Maji matupu. Nilipoinua macho, kiti hakina mtu. Tone moja lilibaki sakafuni, sisimizi wanalizunguka bila kuligusa.

Tangu hapo asali yoyote kwangu ni maji. Chumvi naisikia, pilipili naisikia. Nawe ukifika nyumba ile, piga hodi, na ukiulizwa habari za mwenzako, sema kweli.

Tausi amepona, funguo anazo. Sijamwambia. Jioni hii alituletea asali ya masega, tukala viazi vitamu, tukichovya.

"Tamu, wifi?" akaniuliza.

Nikamwambia tamu.