Simu iliyocheka msibani

Hivi wewe unayesoma, simu yako ikicheka msibani, utamwambia nani akuamini kwamba hukucheka wewe?

Saa mbili asubuhi, uani kwake Nandagala, wilayani Ruangwa, Swaumu Habibu anachota majivu kwenye kopo la rangi na kujipaka viganjani, kisha nyuma ya mikono, kisha katikati ya kila kidole. Anapaka taratibu, kama mtu anayejipaka mafuta ya kwendea harusini. Asipofanya hivyo, mafuta ya ganda la korosho yatamla ngozi.

Anakaa kwenye kigoda, anachukua korosho iliyochomwa jana, anaisimamisha juu ya jiwe na kuigonga kwa kijiti cha mti mgumu. Ganda linapasuka, punje inatoka nzima. Ikitoka imevunjika anaitupa kwenye bakuli jingine bila kuitazama.

Pembeni yake, juu ya ndoo iliyofunikwa, imelala simu ya kupangusa. Hakuna aliyeigusa. Kioo kinawaka chenyewe. Picha zinafunguka na kujifunga. Herufi "p" inajiandika mstari mzima, kama mtoto anayejifunza kuandika. Halafu simu inaanza kupiga.

"Inampigia nani leo?" anauliza Zuleha, jirani anayebangua naye.

"Sijui. Tusikilize."

Sauti ya mwanamume inatoka: "Mama Samia! Juzi umenipigia, jana umenipigia, leo tena. Unataka salfa au unanitaka mimi?"

Zuleha anacheka mpaka kijiti kinamtoka mkononi. Aliyepokea ni muuza dawa za mikorosho wa mjini Ruangwa, anayemwita Swaumu kwa jina la mwanawe. Swaumu anainama na kuikata simu kwa ncha ya pua, maana mikono yote ina majivu. Yeye hacheki.

"Mwanzo nami nilikuwa nacheka," anasema. "Nilikuwa nawaambia watu simu yangu ina jini. Sasa najua jini mwenyewe ni mimi."

Swaumu ana miaka arobaini na saba. Kubangua alifundishwa na mama yake, yeye na dada yake mkubwa, Hajra, wakikaa jiwe moja na kugombania kijiti kimoja. Mikono yake inaeleza miaka hiyo yote: ncha za vidole ni laini na nyeusi, mistari imefutika.

Hulipwa kwa kilo, na punje iliyovunjika hulipwa nusu. Ile simu aliinunua kwa kuweka akiba misimu miwili, ili awapigie picha wanunuzi wa Masasi na Lindi wauone mzigo kabla ya kupanda gari.

Sasa, mwanamke mwenye mikono ya korosho akimiliki simu ya kioo, anaisafishaje? Kila siku kioo kilipata utelezi wa mafuta ya ganda. Swaumu aliyajua mafuta hayo tangu utotoni, na dawa yake aliijua. Mafuta yakikushika mkono, unasugua majivu.

Basi alisugua majivu. Kila jioni, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kioo na pembezoni mwake, mpaka kikang'aa.

"Niliona naitunza," anasema. "Zuleha simu yake ilikuwa chafu, mimi yangu ilikuwa inang'aa. Nikamsimanga."

"Ulinisimanga kweli," Zuleha anadakia. "Uliniambia simu yangu inanuka dagaa."

"Ilikuwa inanuka."

"Bado inanuka, lakini haijanigombanisha na mtu."

Swaumu anagonga korosho kadhaa, na Zuleha anainamisha kichwa, anajua amegusa kidonda.

Dada yake Hajra aliolewa Marambo, wilayani Nachingwea, na mkulima wa ufuta aliyeitwa Harithi. Harithi na Swaumu walikuwa mashemeji wa kutaniana, na utani wao haukuwa na likizo. Harithi akipiga simu hakusalimia. Alianza moja kwa moja: "Mke mdogo, leo umenipikia nini?"

Naye Swaumu alijibu, "Majivu."

"Ya mkorosho au ya mwembe?"

"Ya mkorosho. Ya mwembe nimempikia mume wangu."

Ndivyo walivyosalimiana miaka yote. Hajra alikuwa akisikia kutoka jikoni na kupiga kelele kwamba nyie wawili mtakuja kulishana kweli.

Mwezi wa pili mwaka huu Harithi aliugua ghafla na kufariki. Habari iliwekwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp baada ya alasiri. Hajra aliiandika kwa mkono wake: Baba Amri ametutoka.

Wakati huo Swaumu alikuwa mbali na simu, nyuma ya nyumba, anachoma korosho. Kazi hiyo huwezi kuiacha, mafuta yakishika moto unatakiwa umwage korosho chini na kuzifukia kwa mchanga haraka. Simu aliiacha juu ya gunia, kundi la ukoo likiwa wazi, kwa sababu alikuwa akisikiliza sauti iliyotumwa na binamu yake.

Chini ya salamu za pole, innalillahi na maua meusi, ikatokea namba ya Swaumu. Haikuandika neno. Ilituma vile vichwa vya njano vinavyocheka hadi kutoa machozi. Ikatuma tena. Ikajaza mstari.

Hajra akapiga. Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Alipopiga mara ya tatu ikakatwa kabla hata haijaita vizuri.

Swaumu alirudi wakati wa magharibi, akakuta simu imezima. Alipoipatia chaji kwa Zuleha na kuona kilichoandikwa, alikaa chini palepale kwenye kizingiti.

"Sikujua nianze kulia nini," anasema. "Nimlilie shemeji au nililie vile vichwa."

Alijaribu kumpigia dada yake, simu ikajikata. Akaomba ya Zuleha. Ilipokelewa na mwanamke mwingine, aliyesema mfiwa amelala, na aliyecheka aache usumbufu. Gari la kwenda Nachingwea jioni ile halikuwepo. Alifika Marambo asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kuzika.

Huku kwetu kila jambo lina wenyewe. Shemeji hukutania ukiwa hai. Ukifa, kazi hiyo ni ya watani wa ukoo, na hata wao wana mahali pao na wakati wao. Siku ile walipofika, mtani mmoja mwenye suruali aliyoivaa nyuma mbele alisimama katikati ya watu akapiga makofi: "Jamani, tumechelewa! Kuna mtani wa simu alianza kazi tangu jana alasiri!"

Watu walicheka, ndiyo kazi ya mtani. Lakini wanawake waliokaa mkekani waligeuka kumtazama Swaumu, na hakuna aliyemsogezea nafasi. Alikaa karibu na masufuria. Alipoingia chumbani kumpa mkono dada yake, Hajra aliupokea kama anavyopokea mkono wa mgeni, akauachia.

"Nilitaka kumwambia ni simu," anasema Swaumu. "Lakini fikiria mwenyewe. Mtu amefiwa, unamwambia, dada, si mimi, ni simu imecheka yenyewe? Hata mimi nisingejiamini."

Wakati wa kurudi aliipitisha simu kwa fundi Fidelis, ambaye kibanda chake kipo jirani na stendi ya Nachingwea. Fidelis anamkumbuka vizuri. Aliifungua, akaiinua kwenye taa, akauliza, "Mama, hii simu ulikuwa unaipika?"

Chini ya kioo, pembezoni, kulikuwa na tope la kijivu lililoganda. Majivu na maji na jasho yamepenya kidogo kidogo, na kwa maelezo ya fundi, kioo kinapopata joto na unyevu hudhani kinaguswa.

"Nilimwambia majivu ni dawa ya mkono, siyo dawa ya kioo," anasema Fidelis. "Nikamwambia kibadilishwe, nikamtajia bei. Akasema hela anayo, ila hataki. Nina miaka mingi kwenye kazi hii, sijawahi kuona mteja analipenda tatizo."

Sababu Swaumu aliitoa mwenyewe. "Ukikitoa hiki kioo, shahidi wangu amekwenda. Nani tena atanisaidia kusema?"

Hivyo akarudi nayo ikiwa mbovu. Baada ya arobaini ya marehemu alikwenda Marambo, dada yake akiwa ndani ya eda, akaiweka simu mbele yake ajionee. Simu ikatulia. Ilitulia kama mtoto wa chuo aliyemwona ustadhi mlangoni. Wakaitazama wote wawili mpaka chai ikapoa.

"Simu yako nzima, mdogo wangu," Hajra alisema, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo Swaumu alingoja eda iishe. Imeisha. Leo amemaliza korosho alizojipangia, amenawa mikono kwa ndimu, na mwandishi huyu anafuatana naye. Simu ameifunga kwenye pindo la khanga na kuisukumiza kifuani, ndani kabisa.

"Fidelis kasema inataka joto na jasho," anaeleza. "Leo vyote itavipata. Dada akishaiona tu, kesho napita Nachingwea kioo king'olewe. Nimechoka kuishi na shahidi."

Njiani, kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea na kutoka hapo kwa bodaboda mpaka Marambo, hazungumzi sana. Mara mbili simu inampigia mtu kutokea kifuani, naye anajipiga hapo kiganja kama anayenyamazisha mtoto.

Hajra wanamkuta uani anapeta ufuta. Ni mwanamke mrefu kuliko mdogo wake, na khanga yake bado ina mikunjo ya sandukuni. Anakaribisha wageni, anatandika mkeka, anaulizia habari za Nandagala na za watoto. Kisha anarudi kwenye ungo wake. Makapi yanaruka, ufuta unabaki.

Swaumu hangoji chai. Anafungua pindo la khanga, anaiweka simu mkekani, kioo juu. Kioo kina ukungu wa jasho.

Haichukui muda. Kinawaka. Picha zinafunguka na kujifunga, kikokotoo kinafunguka, namba zinajiandika. Kisha kundi la ukoo linafunguka, na vichwa vya njano vinatokea vimejipanga, vinangoja.

"Dada, tazama!" Swaumu anapaza sauti, ameinua mikono yote miwili juu ili ionekane haigusi kitu. "Tazama mikono yangu! Hii hapa inaandika yenyewe! Si mimi!"

Hajra anapeta.

"Dada, tazama basi kabla haijaacha!"

"Izime."

"Hujaiona bado."

"Nimesema izime, Swaumu."

Swaumu anabonyeza kitufe cha pembeni. Simu inamuuliza kama kweli anataka kuizima, na pa kujibu ni kwenye kioo kilekile. Anabonyeza, haikubali. Anajaribu kwa kidole kingine, inafungua redio. Mwishowe Hajra anaumwaga ufuta kwenye beseni, anaufunika ungo juu ya simu, na redio inaendelea kuimba humo chini kwa sauti ya puani.

"Unaniletea shahidi," anasema Hajra. "Mara ya kwanza umeniletea shahidi, leo umeniletea tena. Nani amekushitaki?"

"Watu wote wa msibani."

"Mimi ni watu wote?"

Machozi yanamtoka Swaumu, na anayafuta kwa mgongo wa mkono, kwa namna ya mtu aliyezoea viganja vyake kuwa na majivu hata vikiwa safi.

"Nilifanya kosa kuipaka majivu," anasema. "Nilidhani naitunza. Nisamehe dada, sikukucheka."

"Najua hukunicheka. Nilijua siku ileile."

"Ulijua?"

"Vile vichwa havikuniuma. Kilichoniuma ni kukatiwa." Hajra anakaa chini, mara ya kwanza tangu wageni wafike. Anazungumza akitazama beseni la ufuta. "Wote walikuwa wananiandikia pole, pole, pole. Halafu nikaona mtu anacheka. Nikatazama namba, nikaona ni wewe. Nikasema, afadhali, yupo mmoja anayemkumbuka Harithi alivyokuwa, siyo maiti tu. Ndiyo maana nikapiga. Ukakata. Nikapiga, ukakata."

"Kwa nini hukuniambia, dada? Miezi yote hii?"

"Mjane anasemaje mbele za watu kwamba alitaka kucheka? Ungekuwa wewe ungesema?"

Chini ya ungo redio inakatika yenyewe. Kuku wanasogelea makapi, na hakuna anayewafukuza.

"Alikuwa bado yumo chumbani," Hajra anasema, sauti imeanza kumvunjika. "Nilitaka upokee, useme, dada, mume wetu ameondoka bila kula majivu yangu. Hilo tu ndilo nililolitaka, mdogo wangu. Nilitaka nicheke na wewe mara moja kabla hawajamtoa ndani."