Goti la Kulia kwenye Mlima wa Kabasha

Nilianza kupanda kinga, yaani baiskeli, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu na shule yetu kunipima presha mara mbili, kama mtu ambaye hakuamini alichokiona mara ya kwanza. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Butembo. Kutwa nzima ninasimama mbele ya ubao, jioni ninainamia madaftari, na Jumapili nilikuwa nikikaa tu, kwanza kanisani, kisha mezani.

"Mwalimu," muuguzi aliniambia, "damu yako iko inasukuma sana. Tembea, ao tafuta kinga. Lakini usikae vile."

Nikanunua baiskeli ya chuma iliyokwisha kutumiwa, yenye gia sita ambazo nne tu zilikubali kufanya kazi. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Miezi ya kwanza nilizunguka mtaani kwetu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mikaratusi, nikiona aibu kukutana na wanafunzi wangu. Halafu mwili ukazoea. Mwaka haukuisha nikawa ninakwenda mpaka Beni: Jumamosi ninashuka, ninalala kwa dada yangu mkubwa, Jumapili ninapanda kurudi. Ni kilomita hamsini na kitu. Kushuka ni raha, unatoka kwenye baridi yetu na kuingia kwenye joto la michikichi. Kurudi ndiko kuna mlima wa Kabasha.

Fundi wangu wa kinga, mzee mfupi anayefanya kazi karibu na soko, alinitazama siku moja nikiondoka mbele ya kibanda chake. Akaniita nirudi.

"Mwalimu, kiti yako iko chini sana. Goti inajikunja kama ya mutu mwenye kuchuchumaa. Na unapenda gia ya nguvu. Mulima hapana vita. Weka gia nyepesi, miguu izunguke mbio mbio."

Nilimshukuru, na sikufanya lolote. Kiti kikiwa chini niliweza kugusa ardhi kwa miguu yote miwili, na hilo lilinipa usalama. Ile gia nzito nayo ilinipa majivuno: nilipenda kuwapita vijana mlimani huku ninasukuma polepole kama trekta. Maumivu yalipoanza chini ya kifuniko cha goti la kulia yalikuwa madogo, kama punje ya haragi chini ya ngozi. Nikawa ninapaka dawa ya kuchua, ninameza kidonge, ninaondoka. Kupumzika wiki moja? Niliona ni kama kurudi kwenye kile kiti cha mezani.

Jumapili ninayotaka kusimulia niliamka Beni mguu ukiwa mgumu. Dada yangu aliniona nikishuka ngazi za baraza kwa mguu mmoja mmoja, kama mtoto.

"Leo acha kinga," akasema. "Panda pikipiki. Kinga utaikamata siku ingine."

"Yaya, ni goti tu," nikamjibu dada yangu.

"Na miye nasema juu ya goti."

Tulikwenda misa ya kwanza pamoja, nikanywa chai na ndizi za kuchemsha, nikaondoka. Sikupasha mwili moto hata kidogo. Toka mlangoni pake nilikamata gia nzito.

Saa ya kwanza barabara ilikuwa kama kawaida, pikipiki zimebeba watu watatu watatu, wanawake wamevaa vitambaa vya kanisa. Sijui ni wapi hasa mambo yalibadilika. Ninachojua ni kwamba wakati fulani nilitambua muda mrefu umepita bila kitu chochote kuja mbele yangu. Wala nyuma. Nilisikia mnyororo wangu tu, na pumzi yangu.

Nikajiambia: watu wako misa.

Kijiji cha kwanza cha mlimani, ambacho sitakitaja, kilianza kwa sauti ya mfuniko. Mbele ya nyumba moja sufuria ilikuwa juu ya mbabula, maharagi yakichemka, mfuniko ukicheza tik-tik-tik na povu likimwagikia makaa. Hakukuwa na mtu karibu. Nguo zilizoanikwa kwenye ua zilikuwa bado zinadondosha maji. Mbuzi mmoja alizunguka kigingi chake mpaka kamba ikaisha, akasimama shingo imebanwa, ananitazama. Katikati ya lami kulikuwa na kiatu cha mtoto, kimoja, kimesimama vizuri kana kwamba mguu ungali ndani.

Milango yote ilikuwa wazi. Hicho ndicho kilichonitisha. Mtu anayekwenda kanisani hufunga mlango.

Kanisa lenyewe liko kando ya barabara. Nilisimama, nikachungulia bila kushuka kwenye kinga. Mabenchi mawili yalikuwa yamelala, ngoma ilikuwa imeviringika hadi ukutani. Mishumaa ya altare ilikuwa inawaka. Mahali fulani ndani ya nyumba moja redio ilikuwa ikiimba kwaya, na nilipokuwa ninasikiliza ikakatika katikati ya neno.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa. Mtu mmoja hupiga kelele kwamba wenye silaha wanakuja, na kijiji kizima kinaingia barabarani au porini kabla ya kuuliza ni nani aliyesema. Nilitoa simu, hakukuwa na mtandao. Kurudi Beni? Kuendelea? Wanaokuja, kama wanakuja kweli, wako upande gani? Moyo ukachagua juu, nyumbani. Nikasimama juu ya pedali na kusukuma kwa nguvu zangu zote, kwenye ile gia nzito.

Goti likajibu. Kitu kilivutika ndani yake kama kamba iliyolowa inayokaribia kukatika, mguu ukakataa kunyooka, nikaanguka ubavu pamoja na kinga. Nililala pale shavu likiwa kwenye changarawe. Gurudumu la nyuma liliendelea kuzunguka, tek-tek-tek, mpaka likanyamaza.

Ndipo sauti ikasema:

"Weye mwenye kinga. Usiende."

Ilitoka kwenye nyumba ya mbao iliyo upande wa juu. Mlangoni, chini kabisa, kulikuwa na bibi kizee ameketi juu ya mkeka, miguu imenyooka mbele yake, imekonda kama fito. Macho yake yalikuwa meupe.

"Koko, wabukire," nikamwamkia kwa Kinande, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. "Bantu bako wapi?"

"Balikimbia. Miye hapana na miguu." Alisema hivyo kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshewa chakula. "Mukazana, muke ya mutoto wangu, alisema shemeji atakuja kunibeba na pikipiki. Sikusikia pikipiki. Nilisikia weye."

"Unanijua?"

"Kila Jumapili, siku ya Mungu, unapita. Munyororo yako inalia. Na mguu yako moja inasukuma, ingine inafuata tu."

Nilikuwa nimejikokota hadi kwake na kinga yangu, nimesimama nikishika ukuta, goti linapiga kama jino bovu. Safari zote zile nilizopita hapo, sikuwahi hata mara moja kuiona nyumba hii.

"Mwenzako iko wapi?" akauliza.

"Mwenzangu gani, Koko?"

"Munapitaka babiri. Weye mbele, ule mwingine nyuma. Weye unapumua kama ngombe. Ule hapana kupumua."

Nilitaka kumwambia kwamba tangu nianze safari zile sijawahi kusafiri na mtu. Badala yake nikafanya kile ambacho mikono ilijua kufanya. Nilikunja mkeka wake, nikaufunga juu ya kibebeo cha nyuma kwa kamba za mpira, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa madaftari. Nikamkalisha upande, mkono mmoja nikaupitisha kiunoni pake, mwingine nikashika usukani, tukaanza kupanda.

Sikuwa na mguu wa kusukuma, kwa hiyo nilisukuma kwa mgongo na mikono. Hatua ya kushoto, kisha kuburuta ya kulia. Kila hatua nilihesabu, maana ni kazi yangu kuhesabu, na kila nilipofika ishirini nilisimama na kushika breki ili tusirudi nyuma.

"Usinikokote kama mbuzi," alisema.

"Samahani, Koko. Goti yangu imekufa."

"Haikufa. Inachoka. Unaipiga kila siku bila kuiacha ilale."

Baada ya kona ya pili mlima unakuwa ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Hapo nilisikia. Tek-tek-tek ya gurudumu langu, na nyuma kidogo, ikichelewa kwa nusu hatua, tek-tek-tek nyingine. Nikasimama. Yangu ikasimama. Ile nyingine ikapiga mara mbili zaidi, kisha kimya.

Ukuta wa mlima hurudisha sauti, najua. Ninafundisha mambo hayo darasani. Lakini sikugeuka. Bibi ndiye aliyegeuza uso wake mweupe nyuma, taratibu, na kusema kwa sauti laini ambayo hakuwa ameitumia kwangu:

"Wabukire."

Kisha akanigonga bega. "Twende. Tunamuchelewesha."

Sijawahi kupanda mlima kwa namna ile. Sikusikia tena goti, wala njaa, wala jua. Nilisikia mgongo wangu tu, ngozi yote ya mgongo, jinsi inavyosubiri.

Juu, kwenye kambi ya nyumba chache iliyoko baada ya kona ya mwisho, watu walikuwa wamejaa kiwanja cha shule. Mamia, wamekaa juu ya majani na magodoro na vikapu, kimya kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, akaja mbio huku kitambaa kinamdondoka kichwani. Alikuwa mukazana wa bibi, mke wa mwanawe. Alimkumbatia mkwe wake na kulia kwenye magoti yake makavu. Alidhani shemeji amembeba, shemeji alidhani yeye ndiye aliyebaki naye.

"Wasingya, papa. Wasingya kutsibu," aliniambia akinishukuru, akanishika mikono yote miwili. Halafu akatazama nyuma yangu barabarani, akauliza kwa sauti ndogo: "Alikuambia muko babiri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Usiogope. Anasemaka vile kwa kila kinga. Ni bwana yangu anasikia." Akanieleza tukiwa tumesimama pale. Mumewe alikuwa akibeba mawese kwa kinga, bidoni nne, yaani madumu, kila safari, kutoka Beni mpaka Butembo. Alikuwa na nguvu sana, na alijua ana nguvu. Kifua kilipomuuma alisema ni uchovu. Magoti yalipovimba alisema yatazoea. Siku moja alikaa kando ya barabara, pale kwenye ukuta wa mlima, apumzike kidogo. Wapitaji walimsalimia mpaka jioni kabla ya mmoja kumgusa.

"Alikuwa hapumzikake," mwanamke alisema. "Siku ile tu ndiyo alipumzika."

Hakuna aliyekuja kijijini siku ile. Hakuna aliyejua ni nani alipiga kelele ya kwanza. Wengine walisema ilitoka kanisani, wengine shambani. Kabla ya jioni watu walikuwa wameanza kushuka. Mimi nilimaliza safari juu ya pikipiki, kinga yangu imefungwa nyuma. Nilipofika mke wangu hakucheka.

Mtaalamu wa viungo, ambaye sisi tunamwita kine, alinilaza juu ya meza na kuukunja mguu huku na huku. Hakuna kilichochanika, alisema, lakini mshipa wa chini ya goti umechoka na kuvimba, na mguu wa kushoto, niliouvunja nikiwa kijana, ulikuwa umeuachia wa kulia kazi yote kwa muda mrefu. Nilishtuka jinsi maneno yake yalivyokuwa maneno ya bibi. Wiki sita bila kinga. Nilijifunza kulala chali na kuinua mguu ulionyooka, kushuka kipandio kimoja cha ngazi polepole sana, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu nikisukuma ukuta wa nyumba, huku majirani wakiuliza kama nataka kuihamisha. Jioni nilikuwa nikisikia hamu ya kupanda kama mlevi anavyosikia hamu ya chupa. Sikupanda. Kila hamu ilipokuja nilimwona mtu ameketi kando ya barabara, wapitaji wanamsalimia.

Fundi alinyanyua kiti mpaka mguu ukawa karibu kunyooka pedali ikiwa chini, akasafisha gia zote sita zikafanya kazi. Hakusema kwamba aliniambia. Nilianza upya kwa robo saa ya mwendo mwepesi, kisha nusu saa, nikiongeza kidogo kidogo, siku moja kinga, siku moja kupumzika. Presha ilishuka. Goti lilinyamaza.

Miezi minne ilikuwa imepita nilipovuka tena kile kijiji. Kilijaa kelele: watoto, jogoo, redio tatu zinagombana. Nyumba ya mbao ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Nikashuka kwa mwanamke aliyekuwa akiuza maparachichi mbele ya kanisa, nikamuuliza habari za bibi. Alisema walimpeleka Kasugho, kwa ndugu zao, huko hakuna kelele za barabara.

"Ni miye nilimupandisha na kinga," nikasema. "Siku ile kijiji kilikimbia."

Alinitazama kwa upole, bila kuelewa.

"Siku gani, papa?"

Nikamweleza. Jumapili, mishumaa, maharagi kwenye mbabula. Jirani yake, aliyekuwa akipanga nyanya, akainua kichwa, wakatazamana.

"Hapa hatukukimbiaka hata siku moja," alisema yule wa maparachichi. Akabonyeza parachichi moja kwa kidole gumba, akaliweka kando, akanichagulia lingine lililoiva.