Bi Funguo Aongoza Alhamisi

Idara ya utamaduni ya chuo kikuu ilikuwa na wahadhiri saba na ghala moja, na ghala lilikuwa la Bi Funguo. Jina hilo alilipata kwa sababu funguo zake zililia kiunoni kabla yeye mwenyewe hajatokeza mlangoni. Kwa miaka kumi na tisa alipangusa vinu, mizani, vikapu na taa za chemli. Kila Alhamisi alivipanga kwenye sanduku la bati, akafuatana na wahadhiri kwenda mashuleni na kwenye nyumba za wazee. Wao walisema, yeye alibeba. Hakuona ubaya. Ila alijua kwamba watu husikiliza hotuba kwa adabu tu. Wanachongoja ni zamu yao ya kushika vitu.

Maradhi ya kuambukiza yalipoingia nchini, watu wakaamriwa kukaa majumbani na chuo kikafungwa. Mkuu wa idara, ambaye wote walimwita Daktari ingawa alikuwa na umri wa mwanawe Bi Funguo, akaamua kuzihamishia Alhamisi mtandaoni. Alimtuma Bi Funguo apige picha za vitu vyote, naye akaviandalia mhadhara wa saa nzima. Waliingia watu sitini. Nusu saa baadaye walibaki kumi na mmoja, mmojawapo mama yake Daktari, ambaye hakuzima maiki, na kila mtu akamsikia akikoroma.

Kesho yake Daktari alipiga simu, sauti imemnyong'onyea. Alisema pengine wangoje tu mpaka milango ifunguliwe. Bi Funguo alikuwa jikoni, akichambua mchele. Akapiga moyo konde.

"Daktari, mwanangu, uniwie radhi. Siku zote tumewapelekea watu vitu vyetu. Sasa wamefungiwa ndani na vyao. Kwa nini tusiwaombe watuoneshe wao?"

Daktari akauliza ni nani angeyaongoza mazungumzo hayo. Bi Funguo alidhani anakataliwa kwa upole, kumbe alikuwa anaombwa.

Wiki nzima alifanya mazoezi mezani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Mumewe, fundi viatu, alijifanya watu mia na kumwuliza maswali ya kipuuzi makusudi ili amzoeze. Ushauri wake ulikuwa mmoja.

"Wakinyamaza, mama watoto, usiwajazie maneno. Mteja akishavua kiatu, husema mwenyewe kinapombana."

Alhamisi ikafika. Waliingia watu thelathini na wanne. Bi Funguo akawaomba wamwoneshe kitu kikongwe kuliko vyote nyumbani mwao. Kimya. Ulimi ulimwasha, lakini akauzuia. Kisha bibi mmoja, mkunga mstaafu, akainua mzani wa kuning'iniza, ndoano yake imeshika kutu. Alieleza kwamba aliutumia kuwapima watoto wachanga kwa miaka thelathini, na kituo chake kilipoletewa mpya, hakuwa na moyo wa kuutupa ule wa zamani.

Mwalimu mmoja wa kike, aliyeingia kutoka mji wa mbali, akamwuliza kituo hicho kilikuwa wapi. Mkunga akamjibu. Mwalimu akaufunika mdomo.

"Basi mimi nilining'inizwa hapo. Mama aliniambia nilimkojolea mkunga."

"Walionikojolea ni wengi, mwanangu," mkunga akasema. "Hebu sogea karibu na kioo nikutazame."

Walicheka, wengine huku wakifuta machozi, na saa ilipokwisha hakuna aliyetaka kutoka.

Habari zikaenea. Baada ya miezi mitatu walikuwa zaidi ya mia mbili, wengi wao kutoka mahali ambako sanduku la bati halikuwahi kufika. Simulizi zao zilihifadhiwa kwenye maktaba ya chuo, na wanafunzi wakaanza kuzisoma.

Mwisho wa mwaka baraza la chuo lilikutana, nalo mtandaoni, na mwenyekiti akampongeza Daktari kwa mradi wake. Daktari akaomba kusahihisha.

"Si wangu. Wazo ni la mama anayetunza ghala, na anayeuendesha ni yeye. Naomba ripoti imtaje yeye kwanza, na kuanzia mwezi ujao cheo chake kiwe mratibu."

Ombi likapita bila kupingwa. Bi Funguo, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni kwake, alizima kamera haraka. Mumewe akamwuliza kulikoni. Alijipangusa uso kwa pindo la khanga, akaiwasha tena kamera, akakaa wima wamwone.